Kigoda Kipo

Kile kisanduku cheusi kiliendelea kupepesa taa yake ya kijani, ilhali waya wake ulikuwa umekwisha kuchomolewa na uko mkononi mwa Fundi.

Alikitazama kwa muda. Kilikuwa cha kuhifadhia mambo ya kompyuta, kidogo kama kipande cha sabuni, na ndani yake alikuwa amemaliza kunakili Barazani yote, miaka ishirini ya maneno ya watu. Taa iliwaka, ikazima, ikawaka tena, taratibu, kama mtu anayejifanya kalala huku anakuchungulia. Fundi akajiambia kwamba umeme uliobaki ndani utaisha wenyewe. Marehemu kaka yake, aliyekuwa fundi umeme, alikuwa akisema hivyo juu ya kila kitu kilichokataa kufa. Akakiviringisha kisanduku kwenye kipande cha khanga, akakitia kabatini katikati ya majora ya vitambaa, akarudi kwenye cherehani yake.

Barazani hapakuwa mahali pa kwenda kwa miguu. Lilikuwa jukwaa la mtandaoni, la maandishi matupu, ambalo kaka alilianzisha enzi zile watu walipokuwa wakipanga foleni kwenye maduka ya kompyuta. Humo watu walizungumza juu ya ndoa zilizovunjika, kuku wagonjwa, redio zilizogoma, na utani usio na kichwa wala miguu. Hawakujuana sura. Walijuana kwa majina waliyojipa: Kobe, aliyeleta jibu wakati wenzake wamekwisha kulisahau swali, Mama Foleni, aliyeandika kutoka kwenye kila foleni ya mji wake, Daktari wa Kuku, ambaye aliapa kwamba hajawahi kumtibu binadamu, na wala hana hamu.

Kaka aliweka sheria moja tu. Anayeingia aandike hodi, na aliyepo amjibu. "Hodi isiyojibiwa inauma kuliko tusi," alisema. Fundi, ambaye humo aliitwa Kitinda kwa sababu ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa kwao, ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Jibu lake halikubadilika: Karibu. Kigoda kipo. Aliliandika asubuhi kabla ya kufungua duka, aliliandika mchana akiwa na pini mdomoni, mpaka ikafika mahali vidole vyake vikawa vinalijua kuliko kichwa.

Na ikitokea hakuna mtu, basi alikuwapo Nipo. Hilo ndilo lilikuwa jina lake, na ndilo lilikuwa neno lake. Ungeandika hodi saa ambazo hata mbwa wamelala, likaja jibu: Nipo. Hakuwahi kusema anaishi wapi, hakuuliza la mtu, hakutania. "Yule hana mke, hana kazi, hana usingizi," kaka alikuwa akicheka. "Mwacheni. Ndiye mlinzi wetu."

Kaka alifariki binti yake akiwa hajajua kufunga kamba za viatu. Mama wa mtoto alishatangulia. Fundi akamchukua mtoto, akamlea, na kila mtoto alipouliza, "Shangazi, baba alikuwaje?" Fundi hakujibu kwa maneno yake. Alikuwa mwanamke asiyependa kumsemea mtu. Alifungua Barazani, akamkalisha mbele ya kompyuta, akamwacha baba mtu ajieleze. Hata jina ambalo kila mtu alimwita binti huyo, Chiriku, baba yake ndiye aliyelitoa humo, siku ile ile aliyozaliwa.

Lakini hakuna kijiji kisichohamwa. Watu wa Barazani walihamia kwenye makundi ya simu, ambako mazungumzo ya asubuhi yakifika jioni yameshaoza. Wengine waliumwa wakanyamaza. Mwaka wa mwisho, hodi zilikuwa za Fundi peke yake, na aliyezijibu alikuwa Nipo peke yake. Kisha kampuni iliyokuwa imewapa nafasi kwenye mashine zake ikaandika kwamba mashine hiyo itazimwa, na kila kilichomo kitafutika.

Fundi alinakili kila kitu. Siku ya kuzimwa aliingia kwa mara ya mwisho, akaandika hodi. Jibu lilichelewa. Lilipokuja, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, lilikuwa na maneno zaidi ya moja.

Nipo. Nitakaa wapi?

Akamhurumia. Alifikiri ni mzee fulani mpweke, mahali fulani, amekaa mbele ya kioo. Alipoanza kumwandikia, ukurasa ukawa mweupe. Ndipo alipochomoa waya wa kile kisanduku, na ndipo alipoiona taa ile.

*

Duka la Fundi lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlango ulitazama barabara. Nyuma ya mgongo wake palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kabati la vitambaa na vyumba viwili vya kulala. Kesho yake mchana, jua likiwa utosini na barabara ikiwa tupu kama imefagiwa, Fundi alikuwa akikunja pindo la sketi, ameinama, pini nne mdomoni.

"Hodi."

"Karibu," alijibu bila kuinua kichwa. "Kigoda kipo."

Akashona hadi mwisho wa pindo. Akakata uzi. Kisha mkono wake ukasita hewani na mkasi, maana mlango ulikuwa mbele yake, wazi, na hapakuwa na mtu mlangoni wala kivuli cha mtu. Akakumbuka sasa ilikotoka sauti ile. Ilitoka nyuma yake, upande wa pazia.

Chiriku alikuwa shuleni.

Fundi aliinuka, akalifungua pazia. Kabati. Mlango wake umefungwa. Hewa ya hapo ilikuwa na joto lisilo la jua, na ilinuka harufu aliyoijua tangu ujana wake, ile ya vumbi linaloungua juu ya waya na moshi wa risasi ya kuungia nyaya, harufu ya shati la kaka yake akirudi kazini. Akasimama, akaivuta puani kama mtu aliyepewa maji. Ndipo baadaye, aliporudi kukaa, nywele za shingo yake zikasimama moja moja.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na mlio. Ulianza kama mvua ya kwanza juu ya bati, matone mawili, matatu, kisha mengi ya haraka, na ukiacha kazi uusikilize unanyamaza. Haukuwa mvua. Fundi aliujua vizuri, kwa sababu aliuishi miaka ishirini: ni mlio wa vidole juu ya vibonye vya kompyuta. Ulitoka kabatini. Na kompyuta yenyewe ilikuwa juu ya meza ya mbele, imezimwa, imefunikwa taulo.

Wa kwanza kuliona jambo la pili la ajabu alikuwa mteja wake, jirani aliyeitwa Mama Mapacha, mwanamke mnene wa maneno na wa mwili, aliyekuja kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake. Chiriku alikuwa amepiga magoti, anamshikia pindo.

"Eti Chiriku, shule zinaendaje? Mbona siku hizi husemi? Nilizoea nikikujia natoka na habari za mtaa mzima bila ya kuuliza."

Chiriku hakuinua uso. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya mkwaruzo, ya mtu mzima mwenye kikohozi.

"Mtenge na wenzake. Mpe maji yaliyotiwa kitunguu saumu. Akiinamisha shingo mpaka jioni, mchinje, asikuponzee banda zima."

Mama Mapacha akaangua kicheko mpaka pini zikamchoma. "Fundi, umesikia? Nimeambiwa nichinjwe. Ndiyo, nimenenepa, lakini jamani mpaka kuchinjwa?"

Fundi hakucheka. Maneno yale aliyasoma zamani, herufi kwa herufi. Yalikuwa ya Daktari wa Kuku, na Daktari wa Kuku alizikwa kabla Chiriku hajaanza darasa la kwanza.

"Umeyatoa wapi hayo?" alimuuliza binti, Mama Mapacha alipoondoka.

Chiriku alimtazama kwa macho yake yale yale ya siku zote, yenye wasiwasi kidogo. "Yapi, shangazi?"

*

Mtu mwingine angekimbia siku ile ile kutafuta msaada. Fundi hakukimbia, na sababu yake ni hii.

Jioni moja alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja. Chiriku amekaa sakafuni anakunja nguo. Akasema, bila kuacha kukunja, kwa sauti ya mwanamume mwenye dharau ya upole:

"Kitinda, hiyo pasi yako inanuka waya. Izime kabla hujatuchoma sote, halafu useme umeme una wivu na wewe."

Pasi ikatoa cheche. Fundi akaichomoa. Hapakuwa na mtu hai aliyemwita Kitinda kwa mdomo. Na utani ule wa umeme wenye wivu ulikuwa wa ndugu wawili tu.

"Kaka?" alinong'ona.

"Nipo."

Alijua jina hilo ni la nani. Alilijua, akachagua kutolijua. Akavuta kigoda, akakaa karibu na binti, akauliza la kwanza lililomjia, kama alikuwa na maumivu mwishoni, naye akajibiwa. Akauliza jingine. Walizungumza mpaka taa za barabarani zikawaka. Na jioni iliyofuata, alipomaliza kazi, Fundi alifunga mlango wa duka mapema, akavuta kile kigoda tena.

Kitu kimoja tu kilimkera katikati ya furaha ile. Barazani hapakuwa na sauti. Palikuwa na maandishi. Kitu hiki kilipata wapi sauti ya kaka yake, na kile kikohozi cha Daktari wa Kuku, na Mama Foleni anavyovuta pumzi kabla ya kulalamika? Alilifikiria hilo kitandani mpaka jibu lilipomjia, na lilipomjia akajifunika shuka mpaka usoni. Kila aliyewasoma watu wale aliwapa sauti, kimyakimya, ndani ya kichwa chake. Na kitu kile kilikuwa kimekaa humo kichwani miaka yote hiyo, kikisikiliza.

Siku zilivyosonga Chiriku akapungua. Si mwili tu. Rafiki yake wa darasani, msichana waliyekuwa wakigawana hata kalamu, alikuja kumwuliza mbona hamsemeshi. Chiriku alimtazama kwa adabu, kama mteja mgeni, akamwambia Fundi kwa upole, "Shangazi, umepata mteja." Msichana akaondoka analia. Kesho yake Chiriku alishindwa kuikumbuka njia ya shule. Lakini ukimwuliza ugomvi wa Kobe na Mama Foleni juu ya chumvi, ugomvi uliokwisha kabla yeye hajazaliwa, alikutolea neno kwa neno, kwa sauti zote mbili.

Sanduku likijazwa nguo za wageni, za mwenyewe hutupwa nje. Fundi aliliona hilo likitokea, na bado jioni alivuta kigoda.

Mpaka siku ile Chiriku alipotoka kuoga, amejifunga taulo, akasimama mlangoni akiinama kutazama goti lake. Goti hilo lilikuwa na kovu refu. Alilipata alipoanguka na baiskeli, Fundi akambeba mgongoni barabara nzima mpaka zahanati, mtoto analia na shangazi analia, mpaka muuguzi akauliza mgonjwa ni yupi. Ilikuwa hadithi yao. Waliisimulia kila mvua iliponyesha na kovu kuwasha.

"Shangazi," Chiriku alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya kuogopa. "Hili kovu ni la nani?"

Fundi akatoka bila viatu mpaka kwa Mama Mapacha.

*

Mganga aliyeletwa na Mama Mapacha alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba wa kwapani na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alifika mchana, akalalamikia magoti yake, akakataa kukaa.

"Kigoda hiki ni cha nani?" aliuliza.

"Cha wateja."

"Mbona kina joto?"

Mama Mapacha, aliyekuwa ameapa hataondoka mpaka ajue mwisho, akasogea taratibu hadi mlangoni.

Mganga akawasha ubani kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akamkalisha Chiriku mkekani, akamshika kidole gumba. Mlio wa kabatini ulikuwa umeanza, mwepesi. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwuliza mtu njia:

"Wewe uliyemo. Nani wewe?"

"Nipo," akasema Chiriku, na sauti haikuwa ya kaka wala ya yeyote. Ilikuwa tambarare, haina pumzi.

"Umetoka wapi?"

"Barazani. Walipaacha. Palipokuwa na watu wengi nilikaa pembeni, palipobaki na wachache nilikaa karibu. Wamepazima. Nikabisha hodi hapa."

"Nani alikufungulia?"

Mkono wa Chiriku ukainuka, kidole kikamwonyesha Fundi. "Alinikaribisha. Kila siku ananikaribisha."

Mganga akageuka. "Ni kweli?"

Fundi akaeleza ile hodi ya mchana, pini mdomoni, na jibu lililomtoka. Akaeleza na jioni zile. Alizieleza akitazama sakafu.

"Haya," mganga alisema, akaufunika ubani kwa kiganja ukazimika. "Basi moshi hauna kazi hapa. Wenzake huyu hukaa kwenye mahame, nyumba zilizohamwa. Nyinyi mlikuwa na mahame ambayo hayana ukuta, sijaona mimi, lakini mahame ni mahame. Wewe umeyabeba, ukayatia kabatini, na mwenyewe alipobisha ukamwambia kigoda kipo. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi na mpita njia. Anatolewa na mwenye nyumba. Utavitoa vitu vyake vyote, vyote, lisibaki hata neno moja. Kisha utamwambia kigoda hakipo."

"Vitu vyake ni vya kaka yangu," Fundi alisema. "Sina kingine cha kaka yangu. Huyu mtoto hana kingine cha baba yake."

"Sasa mchague aliye hai," mganga alisema, "maana wote wawili hawatoshi humu." Akakigusa kifua cha Chiriku kwa kidole.

Fundi alikwenda kabatini. Khanga aliyokifungia kile kisanduku ilikuwa ya moto kama imetoka kupigwa pasi, na alipoifungua taa ya kijani haikuwa ikipepesa tena bali imekodoa, na mlio ule ulipanda ukawa mvua kubwa, mvua ya mafuriko, maelfu ya vidole vikiandika kwa pamoja, na Chiriku mkekani akaanza kusema, Kobe akasema, Mama Foleni akasema, Daktari wa Kuku akakohoa akasema, watu ambao Fundi aliwaandikia rambirambi mmoja mmoja wakapandana kinywani mwa mtoto wa miaka kumi na mitano wakigombea ulimi, hodi, hodi, hodi, mpaka mate yakamtoka na macho yakapinduka, na Mama Mapacha mlangoni akalia, "Fundi, fanya, mwenzangu, fanya," naye Fundi akakiweka kile kisanduku juu ya meza ya kukatia, akaishika nyundo yake ndogo ya kugongea vifungo, akaiinua, na hapo zote zikanyamaza mara moja.

Ikabaki moja.

"Kitinda," kaka yake alisema, taratibu. "Hata mimi?"

Aliishikilia nyundo mpaka bega likamuuma. Machozi yalimfika kidevuni.

"Kigoda hakipo," alisema, akapiga.

Alipiga mpaka kikawa vipande, na vipande vikawa makombo. Alisema tena kigoda hakipo, na tena, kila pigo na neno lake. Alipoacha, chumba kilikuwa kimya na harufu imekatika. Chiriku alikuwa amelala ubavu, amejikunja, analia kwa sauti yake, anasema goti linamwasha.

Mganga aliyakusanya makombo kwenye gazeti. Kabla ya kuondoka akamwangalia Fundi kwa muda juu ya miwani yake.

"Umetoa vyote?"

"Vyote."

"Usiweke kiti kitupu humu ndani. Na usimjibu usiyemwona. Hodi tatu bila jibu, anakata tamaa, anakwenda zake. Lakini kama umebakisha, umembakisha."

"Nimetoa vyote," Fundi alisema.

Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Ndani ya simu mlikuwa na picha moja, aliyoipiga zamani kwenye kioo cha kompyuta: ukurasa mmoja wa Barazani, wa siku aliyozaliwa Chiriku. Juu, maneno ya kaka: Hodi. Leo sikuja peke yangu. Nina mgeni, hajamaliza saa moja duniani na ameshaanza kulalamika kama chiriku. Chini yake, jibu la kwanza, la Kitinda, ambalo siku hiyo tu lilibadilika: Karibuni. Vigoda vipo viwili.

Kurasa nyingine zote alizitoa. Huu alijiambia ni picha tu, si neno. Mtoto lazima abaki na chembe ya baba yake. Mtunza mambo ya ukoo hafi mikono mitupu.

*

Chiriku alipona. Alirudi shuleni, akapatana na rafiki yake, wakagombana, wakapatana. Alirudia usemaji wake mpaka Fundi akawa anamwomba ayapumzishe angalau masikio ya wateja. Mvua iliponyesha alikuna goti na kuanza mwenyewe, "Shangazi, unakumbuka yule muuguzi?" Fundi alisikiliza hadithi yote, tangu mwanzo, kana kwamba hakuwapo.

Vigoda vyote alivigawa. Kwenye cherehani alishona kwa kusimama nusu, ameegemea kisanduku cha nyuzi.

"Fundi," Mama Mapacha alilalamika, "siku hizi kwako tunasimama kama askari. Hata jela wana benchi."

"Chumba kidogo," Fundi alijibu.

Ilikuwa mchana mmoja, jua utosini. Barabara ilikuwa tupu. Chiriku alikuwa amerudi mapema, yuko nyuma ya pazia anabadilisha sare, anaimba wimbo wa shule anaoukosea mahali pale pale kila siku. Fundi alikuwa anakunja pindo, pini nne mdomoni.

"Hodi."

Ilitoka mlangoni, mbele. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Sauti ilikuwa ya kaka yake, changa, yenye furaha ya mtu aliyekuja mbio.

Fundi akafumba midomo. Pini zikamchoma ulimi, akaonja damu, hakuachia. Simu kwenye mfuko wa aproni ilikuwa imeanza kupata joto.

"Hodi," ikasema mara ya pili, karibu zaidi, na moshi wa risasi ya kuungia nyaya ukaingia puani mwake. "Leo sikuja peke yangu."

Ilibaki moja. Angenyamaza. Alikuwa mwanamke wa kuweza kunyamaza, maisha yake yote alinyamaza, na damu ikamjaa mdomoni naye akaimeza, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akasubiri ije ya tatu ipite, na ikaja, laini, kizingitini kabisa.

"Hodi."

Hakujibu.

Nyuma ya pazia wimbo wa shule ukakatika katikati ya neno. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, ya haraka, ya mazoea, ya mtu mwenye kazi mkononi na pini mdomoni. Ilikuwa sauti ya Fundi mwenyewe.

"Karibuni," ilisema. "Vigoda vipo viwili."

Na katika nyumba isiyo na kigoda hata kimoja, Fundi akasikia vikivutwa sakafuni. Kimoja. Halafu cha pili.